Pedali za gitaa kwa mwenye mfuko mwembamba

KIJANA anayenunua pedali yake ya kwanza huwa tayari ameshalipia gitaa, waya na, akiwa na bahati, amplifaya. Kinachosalia mfukoni huwa kidogo, na hicho kidogo ndicho wauzaji wa vifaa hivi wanachokimezea mate. Maduka na tovuti za mauzo zimesheheni visanduku vya kila rangi, kila kimoja kikiahidi sauti ya mwanamuziki fulani mashuhuri. Makala haya yanalenga kumsaidia mpigaji gitaa wa kanisani, wa bendi ya hotelini au yule wa chumbani kwake aamue anunue nini kwanza, asubiri nini na apuuze nini, asije akala pesa za kodi ya nyumba kwa ajili ya mlio mmoja.

Pedali ni kisanduku cha elektroniki kinachowekwa sakafuni kati ya gitaa la umeme na amplifaya. Mpigaji hukikanyaga ili kukiwasha au kukizima huku mikono ikiendelea na nyuzi. Ishara ya umeme kutoka kwenye gitaa kwa kawaida huingilia upande wa kulia, hubadilishwa ndani, kisha hutokea kushoto ikielekea kwenye spika. Badiliko hilo laweza kuwa la kuikwaruza sauti, kuirudiarudia mithili ya mwangwi, kuitetemesha au kuisawazisha tu.

Chimbuko la vifaa hivi ni hitilafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mjini Nashville, Marekani, sehemu moja ya mashine ya kuchanganyia sauti iliharibika wakati Grady Martin alipokuwa akirekodi gitaa la besi katika wimbo wa Marty Robbins. Sauti ikatoka imekwaruzika. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, aliona kwamba hitilafu hiyo ilikuwa na utamu wake, akatafuta namna ya kuizalisha kwa makusudi. Kampuni ya Gibson ilikiingiza sokoni kifaa hicho mwaka wa 1962 kwa jina Maestro Fuzz-Tone. Mauzo yake yalidorora hadi 1965, Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alipokitumia katika wimbo wa "Satisfaction". Tangu hapo biashara ya pedali haijawahi kulala.

Historia hii ina manufaa kwa mnunuzi wa leo. Saketi nyingi zinazosakwa kwa udi na uvumba zilibuniwa zamani. Big Muff ya Electro-Harmonix ni ya 1969, Phase 90 ya MXR ni ya 1974, RAT ya ProCo na DS-1 ya Boss ni za 1978, nayo Tube Screamer ya Ibanez ilitoka mwishoni mwa mwongo huo huo. Ukiifungua mojawapo utakuta tranzista au chipu chache, rizista, kapasita na dayodi ambazo fundi yeyote wa redio anazifahamu. Ukiondoa kisanduku chenyewe, vipuri hivyo huenda visizidi bei ya kilo moja ya nyama. Kinachopandisha gharama ni chuma cha nje, swichi, jina la kampuni, usafirishaji na ushuru. Ndiyo maana pedali ya bei nafuu yaweza kutoa mlio unaokaribiana mno na ule wa pedali ghali. Hata hivyo, hilo halihusu pedali zote, kama tutakavyoona.

Sauti itatokea wapi?

Kabla ya kutaja pedali yoyote, mnunuzi ajiulize sauti yake itatokea wapi. Swali hili husahaulika mara nyingi, na ndilo linalopoteza pesa nyingi zaidi.

Miongozo mingi inayopatikana imeandikwa kwa ajili ya Mmarekani au Mwingereza mwenye amplifaya ya gitaa nyumbani. Katika makanisa na hafla nyingi humu nchini hali ni tofauti. Gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, pamoja na maikrofoni na kinanda, kisha sauti ikatokea kwenye spika kubwa za ukumbi. Amplifaya ya gitaa haipo kabisa. Mpangilio huo huzua matatizo mawili.

La kwanza ni kwamba ishara ya gitaa la kawaida ni dhaifu na huhitaji kupokewa na mlango wa umeme wenye ukinzani mkubwa, takriban ohmu milioni moja. Milango mingi ya mikisa ina ukinzani wa ohmu elfu kumi hivi au pungufu. Gitaa likichomekwa hapo, sauti hufifia na kupoteza ule mng'aro wa nyuzi nyembamba. Wengi hudhani gitaa lao ni bovu, wakakimbilia kununua jingine. Tiba yake ni kisanduku kidogo ambacho mafundi wa sauti hukiita DI, au pedali yoyote yenye saketi ya kuimarisha ishara hata inapokuwa imezimwa. Pedali za Boss zina saketi ya aina hiyo. Kwa hiyo, mtu anayepigia kwenye mikisa aweza kunufaika na pedali ya Boss iliyotumika bila hata kuikanyaga.

Tatizo la pili ni la mkwaruzo, ambao wanamuziki huuita distoshoni. Spika ya gitaa, hasa ile ya inchi 12, haitoi kwa nguvu sauti nyembamba zinazozidi takriban mitetemo 5,000 kwa sekunde. Upungufu huo ni neema, kwani hulainisha makali ya mkwaruzo. Spika za ukumbi zimetengenezwa kutoa kila kitu, hadi mitetemo 15,000 na zaidi. Unganisha pedali ya distoshoni huko na utasikia mlio wa nyigu waliofungiwa mkebeni. Waumini watageuza vichwa, mchungaji atamkonyeza fundi wa sauti, na gitaa litapunguzwa hadi lisisikike. Pedali haina kosa lolote hapo. Ilibuniwa ikisubiri spika nyingine.

Kwa mtu wa namna hii, ushauri wangu ni aachane kwanza na pedali za mojamoja. Pesa zake azielekeze kwenye mashine moja yenye athari nyingi, na ahakikishe ina uwezo wa kuiga amplifaya na spika ya gitaa. Zoom, kampuni ya Japani, imetengeneza mashine za bei ya chini za aina hii tangu miaka ya 1990. G1 Four, iliyotoka 2019, ina athari zaidi ya 60, huweza kutumia tano kwa mpigo, ina kipimo cha nyuzi na ngoma za kufanyia mazoezi, na hupokea vipokea sauti vya masikioni. Huendeshwa kwa betri 4 za kawaida za AA au kwa umeme wa USB, jambo ambalo mkazi wa mtaa unaopotelewa na umeme kila jioni atalithamini. Valeton, NUX na Mooer za Uchina nazo hutengeneza mashine za aina hiyo. Wapo wapigaji wanaozibeza mashine hizi kwa kuwa si "halisi". Dhihaka hizo mara nyingi hutoka kwa mtu mwenye amplifaya.

Mwenye amplifaya ya gitaa ana uhuru zaidi. Kwake pedali za mojamoja zina faida kubwa. Anaweza kununua moja kila mara anapopata pesa, akauza asiyoitaka, na ikiharibika moja nyingine zikaendelea kufanya kazi. Yaliyosalia katika makala haya yanamhusu yeye hasa, ingawa suala la umeme linawagusa wote.

Umeme ndio gharama iliyofichika

Pedali nyingi huuzwa bila adapta. Mnunuzi hufika nyumbani, akafungua katoni kwa shangwe, kisha akaanza kupekua droo akitafuta adapta ya redio ya zamani au ya kifaa cha intaneti. Hapo ndipo pedali nyingi mpya hufia.

Karibu pedali zote za kawaida hutumia volti 9 za umeme mnyoofu, na plagi yake ina tundu la milimita 2.1 ambalo ndani yake mna upande hasi, nje chanya. Adapta za vifaa vya intaneti huwa kinyume: ndani chanya, nje hasi, na nyingi ni za volti 12. Plagi huingia barabara bila kulalamika. Pedali iliyojengwa vizuri ina dayodi ya kujikinga na umeme uliogeuzwa, lakini volti 12 zaweza kuunguza chipu ya pedali ya kidijitali mara moja. Kabla ya kuchomeka chochote, soma mchoro mdogo uliochapishwa kwenye adapta na ule ulio kwenye pedali. Ni duara lenye alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili. Michoro hiyo miwili ifanane.

La pili ni kiasi cha umeme. Pedali ya mkwaruzo ya analogi mara nyingi hula chini ya miliampu 20. Ya kidijitali, kama vile ya mwangwi, huweza kula 50, 100 au zaidi. Betri ya alkali ya volti 9 hubeba takriban miliampu-saa 500. Hesabu ni rahisi: pedali inayokula miliampu 100 itaimaliza betri hiyo kwa saa tano au pungufu, yaani kabla ya harusi moja kwisha. Mwenye pedali ya mkwaruzo pekee aweza kuishi kwa betri. Mwenye pedali ya mwangwi hawezi.

Adapta moja yenye waya uliogawanyika vichwa vitano au sita ndiyo njia nafuu ya kuendesha pedali kadhaa. Hufanya kazi vyema pedali zikiwa za analogi. Ukiingiza moja au mbili za kidijitali, waweza kuanza kusikia mlio mwembamba unaofanana na wa mbu. Dawa yake ni kuipa ya kidijitali adapta yake yenyewe. Vyanzo vya umeme vyenye matundu yaliyotenganishwa ni bora zaidi, lakini bei yake inakaribia ya pedali mbili. Mwenye pedali tatu hana haja navyo.

Lipo jambo zito zaidi la umeme. Plagi ya Kenya ina pini tatu, na ile ndefu ni ya kupeleka umeme uliopotea ardhini. Adapta nyingi za bei rahisi zina pini mbili za duara, nasi tumezoea kuzilazimisha kwa kupenyeza kalamu au kijiti cha kiberiti kwenye tundu la tatu. Nunua kigeuza plagi. Ni bei ya soda. La hatari kupindukia ni kuikata ile pini ya tatu ya amplifaya ili kunyamazisha mvumo. Mvumo waweza kunyamaza kweli, lakini hitilafu ikitokea, nyuzi za gitaa hubeba umeme, na mpigaji akigusa maikrofoni kwa mdomo umeme humpitia yeye. Mei 1972, Leslie Harvey, mpigaji gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa ardhini ipasavyo. Katika mikutano ya nje inayotumia jenereta, tahadhari hii iwe kubwa maradufu.

Ya kwanza, ya pili, ya tatu

Kifaa cha kwanza ambacho kila mpigaji anahitaji hakina mlio wowote: kipimo cha nyuzi, au tyuna. Programu ya bure kwenye simu inatosha chumbani. Jukwaani, penye ngoma na kinanda, simu husikia kila kitu isipokuwa gitaa lako. Kipimo kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa husoma mtikisiko wa mbao badala ya sauti ya hewani, na ni rahisi kuliko pedali ya kazi hiyo hiyo. Kikipatikana hicho, kinachobaki kwenye bajeti kinunue nyuzi mpya. Nyuzi zenye kutu hazitengenezwi na pedali yoyote.

Kinachofuata hutegemea muziki unaopigwa, na hapa ndipo miongozo ya ughaibuni hutupotosha zaidi. Karibu yote huanza na pedali ya mkwaruzo, kwa kuwa waandishi wake hupiga roki. Gitaa la benga limechota mtindo wake kwenye nyatiti ya Wajaluo. Nyuzi hudonolewa mojamoja kwa kasi, na kila donoo sharti lisikike peke yake. Sikiliza rekodi za Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, au hata za Les Wanyika upande wa rumba: magitaa ni safi kama maji ya chemchemi. Mkwaruzo ungeyafuta yote hayo. Hali kadhalika sebene ya Kikongo, ambapo magitaa mawili au matatu hufumana kama ukili.

Kwa mpigaji wa aina hiyo, pedali ya kwanza ni kompresa. Kazi yake ni kuzishusha noti zilizogongwa kwa nguvu na kuziinua zile dhaifu, ili mstari mzima wa gitaa utoke kwa kimo kimoja. Dyna Comp ya MXR imekuwa sokoni tangu miaka ya 1970 nayo ina vifundo viwili tu, na nakala zake za bei nafuu ni nyingi. Usikizungushe kifundo cha ukali hadi mwisho; robo au theluthi yatosha, vinginevyo utainua pia kelele za waya. Ya pili ni mwangwi mfupi, na ya tatu, kwa mwenye kuipenda ile sauti ya kumeremeta ya rumba ya miaka ya 1980, ni korasi, ambayo huifanya sauti moja iwe kama ya magitaa mawili yanayopishana kidogo. Boss ndiyo iliyofungua njia ya korasi mwaka wa 1976 kwa pedali ya CE-1. Korasi ni kama chumvi. Nimesikia bendi nzuri zikiharibiwa na mpigaji asiyeizima tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Mpigaji wa roki, bluzi au nyimbo za kusifu za mtindo mpya ndiye mwenye haja ya mkwaruzo. Kuna daraja tatu. Ovadraivu ni laini na huufuata mkono; ukipiga polepole sauti husafika. Distoshoni ni nzito na haibadiliki sana. Fazi ni mkwaruzo wa kupasua, mrithi wa ile hitilafu ya Nashville. Anayenunua moja tu achukue ovadraivu, kwa kuwa ndiyo inayofaa nyimbo nyingi. Tube Screamer hupunguza besi na kuinua sauti za kati, hivyo husaidia gitaa kupenya kati ya kinanda na ngoma. SD-1 ya Boss, ile ya manjano ya 1981, ni jamaa yake wa karibu na kwa kawaida ni rahisi kuliko pedali ya Ibanez yenyewe. Anayetaka distoshoni hana sababu ya kwenda mbali na DS-1 ya rangi ya chungwa, ambayo ingali inatengenezwa na ambayo bei yake Marekani ni takriban dola 70 ikiwa mpya. Kurt Cobain wa Nirvana aliitumia, na hakuna aliyemlalamikia kwamba ni ya bei rahisi.

Kuhusu mwangwi, mnunuzi ajue kinachouzwa. Kabla ya chipu za kidijitali kushuka bei, mwangwi ulitokana na kanda za sumaku au chipu za analogi zinazopokezana ishara kama watu waliopanga foleni wakipitishiana ndoo. Boss ilitoa pedali yake ya kwanza ya mwangwi wa kidijitali, DD-2, mwaka wa 1983. Pedali nyingi za bei ya chini za siku hizi huandikwa "analogi" ilhali ndani mna chipu ya PT2399 ya kampuni ya Princeton ya Taiwan, ambayo ilikusudiwa mashine za karaoke. Si chipu mbaya. Mwangwi wake ni wa joto na wenye giza kidogo, na hadi thuluthi moja ya sekunde hivi huwa safi. Ukiivuta zaidi ya hapo huanza kutoa mchakacho. Kwa benga na rumba, yatosha kabisa. Kwa nyimbo za kusifu zinazotegemea mwangwi mrefu unaoendana na mapigo ya ngoma, tafuta ya kidijitali yenye swichi ya kugonga mwendo kwa mguu. Bila swichi hiyo utakuwa ukiinama kuzungusha vifundo huku kwaya ikikungoja.

Pedali ya wawa, ile inayokanyagwa mbele na nyuma kama breki ya gari, huwavutia wengi kwa macho. Imekuwapo tangu 1967. Ni pana, nzito, na mtu hutumia labda katika wimbo mmoja kati ya kumi. Isubiri.

Nakala na asili

Kampuni za Uchina kama Joyo, Mooer, Donner na Caline huuza nakala za saketi hizo za zamani kwa nusu ya bei au chini zaidi. Vintage Overdrive ya Joyo na Green Mile ya Mooer zote ni ndugu wa Tube Screamer. Behringer, iliyoasisiwa Ujerumani mwaka wa 1989, huuza nyingine za plastiki kwa bei ya chini hata zaidi; TO800 yake, ambayo nayo imeiga Tube Screamer, mara nyingi huwa karibu na dola 30.

Je, ni halali? Kwa jumla, hataza za saketi za miaka ya 1970, pale zilipokuwapo, zilikwisha zamani, na kinachobaki kulindwa ni jina na sura. Mwaka wa 2005 kampuni ya Roland, mmiliki wa Boss, iliishtaki Behringer nchini Marekani kwa kuiga umbo na rangi za pedali zake. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka uliofuata na Behringer ikabadilisha sura ya pedali zake. Nakala inayobeba jina lake yenyewe ni biashara ya kawaida. Bidhaa inayojibandika jina la mwingine ni ghushi, na anayeinunua hana wa kumlilia ikiungua.

Mfano wa mbali zaidi ni Klon Centaur ya Bill Finnegan, iliyotengenezwa kwa mkono Marekani kuanzia 1994. Zilizoundwa zilikuwa maelfu machache tu, na leo moja huuzwa kwa maelfu ya dola, fedha za kununua pikipiki mpya na chenji ikabaki. Nakala zake za dola 40 au 50 zipo tele. Mtu akizipiga zote mbili nyuma ya pazia, tofauti ipo, lakini si ya bei ya pikipiki. Masikio yangu yamevuka miaka hamsini, kwa hiyo vijana wajipimie wenyewe.

Mahali ambapo unafuu huuma ni kwenye viungo vinavyoguswa: swichi ya mguu, matundu ya waya na kisanduku. Plastiki inatosha chumbani. Jukwaani, kiatu cha mtu wa kilo 80 aliyepandwa na furaha huipasua. Pedali ndogo sana, za ukubwa wa pakiti ya biskuti, huokoa nafasi lakini nyingi hazina chumba cha betri, na vipuri vyake vimebanwa kiasi kwamba fundi huhitaji darubini. Kubwa ya chuma hufunguliwa kwa bisibisi, na swichi iliyochoka hulehemiwa nyingine kwa dakika ishirini. Nairobi haina uhaba wa mafundi wa kazi hiyo. Barabara ya Luthuli na vichochoro vyake vinajulikana.

Ukiagiza kutoka ng'ambo, usihesabu bei ya tovuti pekee. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, kisha ulinganishe na bei ya duka la hapa lenye mtu wa kurudishiwa kifaa kikiwa kibovu. Aghalabu pengo huwa dogo kuliko ilivyodhaniwa.

Iliyotumika

Soko la vifaa vilivyotumika ndilo rafiki mkubwa wa mwenye mfuko mwembamba, hasa kwa pedali za Boss na MXR, ambazo huishi miaka mingi. DS-1 iliyochubuka rangi hutoa mlio ule ule. Kutana na muuzaji mahali penye umeme na amplifaya, na ubebe gitaa, nyaya mbili na adapta unayoiamini.

Chomeka na usikilize ikiwa imezimwa kwanza. Sauti ya gitaa ipite kama kawaida. Iwashe na kuizima mara ishirini mfululizo, na ikikosa hata mara moja, swichi inakufa. Zungusha kila kifundo polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mchakacho mdogo ni vumbi, na husafishwa kwa dawa ya kupuliza. Kimya cha ghafla katikati ya mzunguko ni kifundo kilichokatika. Tikisa plagi kwenye kila tundu. Fungua chumba cha betri uchungulie: ukiona unga wa kijani au mweupe, betri iliwahi kuvuja na huenda kemikali yake imekula waya. Kwa pedali ya kidijitali, iache iwake dakika kumi huku mkizungumza bei, kwani baadhi ya hitilafu hungoja joto.

Pedali zikishafika tatu, kipande cha mbao na utepe wa kunata vitazishika pamoja vizuri kama ubao wa dukani. Mpangilio wa kawaida kutoka kwenye gitaa ni kipimo cha nyuzi, kompresa, mkwaruzo, korasi, kisha mwangwi mwishoni. Ukiuweka mwangwi kabla ya mkwaruzo, kila marudio yatakwaruzwa upya na sauti itavurugika. Nyaya fupi za kuunganishia ndizo huharibika kwanza katika mnyororo mzima, kwa hiyo uwe na moja ya akiba mfukoni. Na kwa anayetumia betri, pedali nyingi huwashwa na plagi iliyo kwenye tundu la kuingilia, hata kama taa imezimwa. Ichomoe kila unapomaliza kupiga, la sivyo betri itakuwa imekwisha kufikia asubuhi.